Siku Nane za Kulala Ubavu

Mke wangu alikuwa na jicho moja tu la kutegemea, la kulia. La kushoto lilikufa miaka kumi na moja iliyopita kwa presha ya jicho, ugonjwa unaokula taratibu bila kuuma, hata ukija kushtuka umebaki na kiwingu. Kwa jicho hilo moja alishona sare za shule za mtaa mzima, na uzi alitunga mwenyewe kwenye sindano. Siku pazia jeusi lilipoanza kumfunika jicho hilo alikuwa kwenye cherehani, anapiga mshono wa kola. Alitoa mguu kwenye kanyagio, akaniita bila kugeuka.

"Injinia, njoo uniambie. Kuna mtu amesimama hapa kushoto kwangu?"

Hapakuwa na mtu. Kivuli kilikuwa kinaingia kutoka upande wa pua, na kufikia jioni kilikuwa kimefika karibu na katikati.

Mimi si injinia. Nilikuwa msimamizi wa ujenzi. Nilianza kwa kubeba zege begani, nikasoma jioni miaka sita baada ya kazi, hesabu na usomaji wa ramani, mpaka nikaongoza watu themanini. Jina nilipewa siku nilipogundua kwamba kwenye ramani ya ghorofa moja bomba la maji machafu limechorwa likipanda badala ya kushuka. Injinia mwenyewe alikuwa ameshatia sahihi. Nilimwonyesha mbele ya mafundi, akaitazama karatasi kwa muda, akaomba kifutio. Tangu hapo vijana wa kazini wakaniita Injinia, na mke wangu akalipokea jina hilo kwa matumizi mawili: akiwa amefurahi, na akitaka kunipunguza maringo.

Daktari wa macho alikuwa mpole mwenye haraka. Alituambia kwamba retina, ile ngozi nyembamba ya ndani kabisa inayopokea picha, imepasuka, maji yamepenya nyuma yake, na sasa inabanduka kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu. Angezibana kingo za mpasuko kwa mwanga mkali, kisha angejaza jicho gesi. Gesi hupanda juu siku zote. Mgonjwa akilaza kichwa vizuri, gesi itapanda hadi penye mpasuko na kuukandamiza mpaka ushike. Akilaza vibaya, gesi itapanda mahali pengine, na maji yatarudi kwenye mpasuko.

"Mimi nafanya nusu ya kazi," alisema. "Nusu nyingine ni kichwa chake kitakavyokaa nyumbani."

Nilimuuliza maswali mengi kiasi kwamba alichukua karatasi, akachora duara, na upande wa kushoto wa duara akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Hapo ndipo palipopasuka, alisema. Nikamwomba ile karatasi, akanipa. Niliikunja nikaitia mfukoni mwa shati, na nakiri kwamba niliona fahari. Wagonjwa wengine kwenye benchi walikuwa wanatikisa vichwa tu kwa kila wanachoambiwa. Mimi nilikuwa nimeelewa. Miaka thelathini nilikuwa nimeangalia kiputo cha hewa kwenye pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, jinsi kinavyokimbilia upande ulio juu. Jicho lenye gesi ni pima maji ya duara, basi.

Alipasuliwa siku ya pili yake. Kesho yake bandeji ikafunguliwa, daktari akatazama, akaridhika, akaenda kwa wagonjwa wengine. Nilikuwa dirisha la dawa, nasubiri matone, wakati muuguzi alipompa mke wangu maelekezo ya mwisho. Nilipowarudia alikuwa amekaa kwenye benchi ameinamisha kichwa, mkononi karatasi ya hospitali. Ilikuwa imechapwa: siku mbili kifudifudi, dakika hamsini kwa kila saa, kumi za kupumzika, baada ya hapo siku nane kwa ubavu. Mbele ya neno ubavu muuguzi alikuwa ameandika kwa kalamu: kushoto. Chini kabisa kulikuwa na namba ya simu ya wodi.

Zile siku mbili za kifudifudi nilizisimamia kama kazi ya zege. Nilikata tundu kwenye kiti cha stuli ya zamani, nikalizungushia sponji na kanga kuukuu, nikaiweka stuli juu ya meza ili aweke paji la uso na mashavu huku akipumua kwa raha. Nilimpa maji kwa mrija kutoka chini. Niliweka saa ya kengele. Kila dakika ya hamsini ilipolia, nilimpandisha taratibu, nikamsugua shingo, nikamtilia matone, nikamrudisha. Mate yalimdondoka, uso ukavimba, ule uvimbe ukamziba hata lile jicho lililokufa. Alichokuwa anaona ni sakafu kwa ukungu, na mimi nikipita.

"Miaka thelathini na nane nimetazama uso wako," aliniambia kutoka chini ya stuli. "Kumbe miguu ndiyo ya kuogopwa. Kata kucha, baba, utachana shuka."

Nilikata. Alisikia sauti ya mkasi, akacheka, kisha akalia, kwa sababu kucheka kulimvuta jicho. Usiku wa pili aliniuliza kama nina hakika atashona tena. Nikamwambia asiulize mambo ya kijinga.

Siku ya tatu asubuhi ilikuwa ya kumhamishia ubavuni. Nilikwisha kutandika kitanda na kupanga mito. Kabla ya kumlaza nikatoa ule mchoro wa daktari, nikaulinganisha na karatasi ya muuguzi. Ndipo nikaona kosa.

Mpasuko ulikuwa kushoto mwa duara. Mtu mwenye kidonda kushoto akilalia kushoto, kidonda kinakuwa chini na gesi inapanda juu, mbali nacho. Ili gesi ikifikie, alale kulia, kushoto kuwe juu. Nilirudia mara tatu. Niligeuza karatasi, nikaifikiria kama ramani ya chumba. Kisha nikakumbuka na pazia lenyewe: si lilianzia upande wa pua, yaani kushoto kwa jicho lake la kulia? Ushahidi ulikuwa wa aina mbili na wote ulisema kitu kimoja. Muuguzi alikuwa amekosea.

Mke wangu alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, uso magotini. Nilimweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yule binti hakuandika tu," alisema. "Alinishika bega akanilaza mwenyewe pale kitandani. Kushoto."

Nikamwambia yule binti ni mtoto wa juzi, alikuwa mwisho wa zamu, ana wagonjwa ishirini, amemchanganya na mwingine. Nikamkumbusha habari ya lile bomba. Watu wenye vyeti vikubwa kuliko vya huyo muuguzi wamewahi kukosea, na nani aliyeona?

"Simu ipo," alisema.

"Nipige nimwambie nini? Nimsomeshe kazi yake?"

Alijiinua, akalala kulia. Nilimpangia mito mgongoni asibingirike, nikamwekea mwingine mwembamba shavuni. Nilifanya kazi safi. Kwa siku nane hakubingirika hata mara moja, kwa sababu nililala kwenye kiti kando yake na nilimshika kila alipotikisika.

Siku ya nane tangu apasuliwe alisema pazia limerudi. Alilisema jambo hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Lilikuwa upande ule ule wa pua. Nikamwambia gesi bado imo jichoni, mtu mwenye gesi jichoni anaona vitu kama aliyezama bwawani, asitie maanani. Binti yetu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa akipita kila jioni akitoka kazini, alikuwa anamkanda mama yake miguu. Aliacha kukanda.

"Baba, tupige simu."

Nilimwambia miadi ni keshokutwa.

"Keshokutwa ni keshokutwa. Mama anasema pazia limerudi leo."

Akaichukua ile karatasi mezani asome namba. Aliposoma aliiona na lile neno la kalamu. Alimtazama mama yake alivyolala, akatazama karatasi, akanitazama mimi. Nikamweleza kwa utaratibu, kama nilivyowaeleza mafundi wengi, nikamchorea na duara. Binti yangu ana diploma. Aliirudisha karatasi mezani, na mimi nikadhani nimemshinda kwa hoja. Baadaye aliniambia hakuendelea kwa sababu duara nililochora lilikuwa limepinda, na hakuwahi kuona nikichora kitu kilichopinda.

Simu haikupigwa. Hilo ni langu. Sitaki mtu anisaidie kulibeba.

Siku ya miadi daktari alimwekea kidevu kwenye kile chombo cha kutazamia jicho, akazima taa, akatazama muda mrefu. Muuguzi yule yule alikuwa amesimama nyuma yake na sinia la dawa. Nilisikia daktari akivuta pumzi puani.

"Imebanduka tena," alisema. "Maji yamerudi, na sasa yamefika hadi kitovu cha kuonea, pale katikati panapoona vitu vidogo. Mama, ulilala ubavu gani?"

"Kushoto," mke wangu akasema. "Kama mlivyoandika."

Hakunigeukia. Katika maisha yetu yote mwanamke huyu hakuwahi kunivua nguo mbele za watu, hata nilipostahili, na hakuwa na nia ya kuanza siku hiyo. Daktari aliwasha taa, akageuza kiti, akaanza kuandika huku akisema nasi. Alisema mmefanya lililotakiwa, msijilaumu. Ikiwa gesi imekandamiza mpasuko siku zote nane na bado maji yamepenya, basi kuna makovu ndani yanayoivuta retina, na kurudia kitu kile kile hakuna faida. Ingebidi kuweka mafuta maalumu badala ya gesi, upasuaji mkubwa, matumaini madogo, na kwa mtu mwenye jicho moja yeye angependa kumpeleka kwanza kwa wenzake wakamjadili. Labda wiki tatu, labda nne.

"Ingekuwa alilala vibaya," alisema, kalamu ikiendelea, "ningemrudishia gesi kesho asubuhi."

Nilimtazama mke wangu, kidevu chake bado kimewekwa kwenye chombo ingawa hakuna aliyekuwa anamtazama. Nikamtazama yule muuguzi, mdogo hata kwa binti yetu.

"Daktari, usiandike," nilisema. "Alilala kulia. Mimi ndiye niliyemlaza."

"Nani amekuuliza?" mke wangu akasema, polepole sana.

Daktari akaweka kalamu chini. Aliniuliza kwa nini. Sikuwa na la kufanya ila kutoa ule mchoro mfukoni na kumweleza hesabu yangu, tangu mwanzo mpaka mwisho, mbele ya muuguzi. Alinisikiliza kwa heshima, na heshima hiyo ilinichoma kuliko kama angenitukana. Kisha akaniomba nisimame nimkabili. Akainua mkono wake wa kulia. Ulikuwa kushoto kwangu.

"Nilichora nikimtazama yeye," alisema. "Ndivyo tunavyochora wote. Mpasuko uko upande wa sikio."

Nikamuuliza kuhusu pazia. Swali lilinitoka kabla sijalizuia, maana mtu aliyezoea kushinda hoja huendelea kutafuta hoja hata nyumba ikiwa inaungua. Akanijibu kwamba jicho hupindua picha: kidonda kikiwa upande wa sikio, kivuli huonekana upande wa pua. Ushahidi wangu wa aina zote mbili ulikuwa kweli, na wote niliusoma kinyume.

"Mzee, kwa nini hamkupiga simu?" aliuliza.

Muuguzi aliinamisha macho kwenye sinia lake. Angenitazama kwa ushindi ningeweza kumchukia, na ingenisaidia.

Alipasuliwa tena kesho yake asubuhi. Safari hii muuguzi hakumpa karatasi mpaka alipotuita wote watatu, mimi, mke wangu na binti yetu. Akanisimamisha kando ya kitanda.

"Baba, mama atalala upande gani?"

"Kushoto."

"Nionyeshe kushoto kwake."

Niliinua mkono kama mtoto wa darasa la kwanza, mimi niliyeongoza watu themanini, nikagusa bega la mke wangu. Muuguzi akasema asante. Kisha akamgeukia binti yangu, akamuuliza maswali yale yale.

Safari hii hakukuwa na siku za kifudifudi, ubavu tu, kwa kengele ile ile ya dakika hamsini. Kitanda chetu kimeegemea ukuta upande wa kushoto. Kwa hiyo alipolala inavyotakiwa alikuwa ameelekea ukutani, na mimi kwenye kiti changu nilikuwa natazama mgongo wake. Siku ya kwanza hatukusema kitu zaidi ya matone na maji. Binti yetu alikuja alfajiri kabla ya shule na jioni baada ya shule, na ndiye aliyepanga mito. Nilipoisogelea mito, mke wangu alisema, bila hasira, "Mwache mtoto afanye." Nikarudi kwenye kiti.

Siku ya nne, mchana, nilimuuliza lililokuwa linanikaba. Kwa nini alikubali siku ile? Bega lake lilikuwa linajua. Karatasi ilikuwa inasema. Kwa nini alijilaza kulia?

Alivuta shuka mpaka begani.

"Nilijua umekosea," aliuambia ukuta. "Mkono wa yule binti nilikuwa bado nausikia begani. Lakini ningekukatalia, ungeninunia siku nane. Na mimi nimelala, siwezi hata kutoka nikakae kwa jirani. Nikasema, labda huyu mtu safari hii tena ana haki. Mara nyingi huwa una haki. Hiyo ndiyo tabu yako."

Nilitaka kusema samahani. Nilikuwa nimeshaisema hospitali, njiani, na pale mlangoni, na kila mara alijibu kwamba amesikia. Kengele ya dakika ya hamsini ikalia, akajiinua mwenyewe kwa kiwiko, akaketi kidogo na kichwa chini, akajisugua shingo. Sikuinuka. Dakika kumi zilipoisha akarudi ubavuni.

Gesi ilichukua wiki saba kuisha yote. Ilipungua kama maji yanavyopungua kwenye pipa lililotoboka, alisema, mstari ukishuka kila siku, kisha ikawa kiputo kidogo cheusi kinachochezacheza chini, kisha hakuna. Daktari alitazama akasema retina imeshika, safari hii imeshika kila mahali. Alisema pia kwamba kitovu cha kuonea kilikaa kwenye maji siku nyingi, na nyama ya pale ikikaa hivyo bila chakula hufa, hata ikirudishwa mahali pake. Tusubiri, alisema. Miezi mitatu, minne. Wengine hurudishiwa kiasi.

Tulisubiri minne. Alianza kuona dirisha. Alianza kuona kwamba mlango umefunguliwa, na kwamba mtu ameingia, ingawa si nani. Cherehani ilifunikwa kwa shuka, na watu wenye vitambaa wakaelekezwa kwa fundi mwingine mtaa wa pili. Binti yetu kila jioni alimuuliza mama yake anaonaje, na mama yake kila jioni alijibu, "Kidogo kidogo, mwanangu." Mimi sikuuliza.

Jumamosi moja, jua likiwa limejaa chumbani, aliniita nikae mbele yake. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani. Sebuleni binti yetu alikuwa anasahihisha mitihani, tulisikia kurasa zikigeuka.

"Nipime," alisema. "Kama anavyofanya daktari. Vidole."

Nilisogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana. Niliinua mkono wa kulia mbele ya uso wake, mahali penye mwanga, nikanyoosha vidole vitatu. Alitazama. Alisogeza kichwa kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye ufa. Aliinua kidevu, akakishusha.

"Nyoosha basi," alisema.

Vilikuwa vimenyooka.

Aliinua mkono wake, akapapasa hewani mpaka akaupata wangu, akaugusa kidole baada ya kidole kwa ncha za vidole vyake, vile vilivyozoea kutafuta mshono gizani.

"Vitatu," alisema.

Akauacha mkono wangu, akaweka mikono yake mapajani. Kule sebuleni ukurasa mwingine uligeuzwa.

"Usimwambie leo," alisema. "Mwache amalize mitihani ya watoto wa watu."